Ngoja Nikusomee

Kamati ya ufunguzi wa ukumbi mpya imeniletea barua. Wanataka niwaandikie wasifu wa Mwenyekiti wa baraza letu, kurasa tatu, lugha nyepesi, picha moja, "na tafadhali sana usiingize siasa." Jamani! Mtu amekaa kwenye siasa miaka ishirini na miwili, mimi nimwandikie wasifu usio na siasa. Niandike nini sasa, kwamba anapenda maua? Hapendi maua. Lakini nimekubali, kwanza kwa sababu nimestaafu na nyumbani wamenichoka, pili kwa sababu hakuna anayemjua kama ninavyomjua mimi, ukimwacha mtu mmoja, na huyo kamati haiwezi kumwomba.

Ukumbi utaitwa kwa jina lake. Mwenyewe hataki. Nitaeleza kwa nini, na wakiona kurasa zimezidi tatu, shauri yao.

Tulianza kazi mwaka mmoja, gazeti moja, yeye mwandishi na mimi msahihishaji. Lilikuwa gazeti la kurasa nane, linatoka kila Ijumaa. Ofisi ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la viatu, na ngazi yake ya mbao ilipiga kelele kiasi kwamba tulijua nani anapanda kabla hajatokeza kichwa. Yeye alikuwa kijana mrefu, kimya kimya, shati limepigwa pasi hadi unaogopa kulisogelea. Baba yake alikuwa fundi cherehani, na ugonjwa wake wa kuwasomea watu aliupata huko huko dukani kwa baba. Mzee anapima, anataja, mtoto anaandika kwa penseli. Kabla mkasi haujagusa kitambaa, mtoto anasimama mbele ya mteja na kusema, "Ngoja nikusomee." Kifua hiki, mkono huu, kiuno hiki. Mteja akikubali ndipo mzee anakata, maana hakutaka ugomvi na mtu juu ya kitambaa kilichokwisha kukatwa.

Basi akaja na tabia hiyo gazetini. Amhoji mganga mkuu, amhoji muuza mkaa, akimaliza hafungi daftari. "Ngoja nikusomee." Wenzake walimcheka mno, na jina likawa hilo hilo: Nikusomee. Ukimsomea mtu maneno yake mwenyewe, walimwambia, atayafuta yote, utarudi ofisini mikono mitupu. Wapi! Nusu ya habari zake kali alizipata hapo hapo. Mtu akisomewa alichosema hawezi kukaa kimya. Atakwambia hapana bwana, haikuwa hivyo, ilikuwa hivi, na hiyo "hivi" ndiyo habari yenyewe.

Alikuwa na kanuni ya pili, ndugu ya ile ya kwanza: hachapishi neno baya juu ya mtu kabla hajamuuliza huyo mtu. Awe mkubwa, awe mlevi wa stendi, anaulizwa kwanza.

Ukurasa wa tatu tulikuwa na safu iliyoitwa Jirani Mmbea. Mji mzima uliisoma. Jirani Mmbea alijua diwani gani amelala kikaoni, barabara gani imezinduliwa mara mbili, na gari la zimamoto limekwenda kuosha magari ya harusi ya nani. Alichekesha, lakini ukimaliza kucheka unabaki na hasira. Mwandishi wake hakujulikana. Tuliojua ni wawili, mimi na mwenye gazeti, na mwenye gazeti akafariki akaniachia kiti cha uhariri pamoja na siri yake. Jirani Mmbea alikuwa Nikusomee.

Sasa diwani wa kata ya kati akafa, na chama kikaanza kutafuta jina linalojulikana. Kaka yake mkubwa, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, alikuwa ameshika mkono wa kila mtu kwenye chama. Akamwambia mdogo wake, "Wewe kila siku unapiga kelele nje. Ingia ndani basi, tukuone." Akambana hivyo wiki nzima, mbele ya mama yao, na mama akalia kidogo, na mambo yakaisha.

Alipanda ngazi akaja kuniambia. "Dada, naingia muhula mmoja tu. Miaka mitano. Nikae humo ndani, nione wanavyofanya, halafu nitoke niandike."

"Na ukinogewa?"

"Mimi? Ninogewe na vikao?"

Tulicheka, tukanywa chai, akaniachia penseli zake kwenye kopo. Wiki mbili baada ya kuapishwa akaja kuzichukua.

Maana nani angeandika Jirani Mmbea? Nilijaribu mwenyewe, nikatoa kitu kikavu hata mimi nilisinzia nikikisahihisha. Basi tukapanga mchezo, na huu ulikuwa mchezo wa kijinga, nakiri, lakini siku zile ulituchekesha sana. Kila Jumatano saa sita mchana Mheshimiwa Diwani anapanda ngazi kwa kishindo, uso umekunjwa, anasimama katikati ya chumba na kufoka. "Huyu Jirani Mmbea mmemwokota wapi? Hana adabu! Nitawapeleka mahakamani!" Wapiga chapa wanainamisha vichwa. Halafu anabamiza bahasha mezani kwangu: barua ya malalamiko, anasema. Anashuka. Nami nafungua bahasha, na ndani yake ndimo ilimo safu ya wiki hiyo, kwa penseli, mwandiko wake mzuri wa vipimo vya nguo. Naichapa upya kwa mashine, kisha ile karatasi naitia kwenye jiko la chai mpaka iwe majivu. Tulikubaliana hivyo, isibaki hata moja.

Na alijipiga yeye mwenyewe kuliko wote. Hapo mwanzo ilikuwa hila, watu wasimshuku. Baadaye nikaona si hila tena. Alikuwa ameanza kusaini vitu ambavyo zamani angeviandika kwa herufi kubwa ukurasa wa kwanza, na Jumatano ndiyo siku pekee aliyopata kusema kweli.

Mwaka wa nne, baraza likafanya kikao cha faragha. Milango imefungwa, waandishi nje, ndani madiwani na Karani wa baraza peke yao. Walikuwa wanagawana vibanda vya soko jipya. Wafanyabiashara waliounguliwa na soko la zamani wamekaa juani mwaka mzima wanasubiri, na waheshimiwa wanagawiana: wewe na shemeji yako, mimi na mkwe wangu. Nikusomee alikaa kimya hadi mwisho. Kibanda namba tisa kikaandikwa jina la kaka yake wa duka la vifaa. Hakukiomba. Hakukikataa pia.

Jumatano akaja, akafoka kama kawaida, akabamiza bahasha. Niliisoma mara mbili. Kila neno la kikao lilikuwemo, nani kasema nini na nani kajibu nini, sawasawa kabisa. Na mwishoni: "Nilimuuliza Mheshimiwa wa kata ya kati kama kibanda namba tisa ni cha kaka yake. Akasema hana la kusema."

Nilimfuata hadi kwenye ngazi nikamnong'oneza, "Ulijiuliza kweli?"

"Nilijiuliza," akasema. "Asubuhi, nikinyoa ndevu. Sikuwa na la kusema."

Mji ukawaka. Waliounguliwa walikwenda kukaa kwenye ngazi za baraza na gazeti mkononi. Mwenyekiti wa wakati ule, mzee mmoja wa kelele nyingi, akaapa kwamba atampata aliyetoa siri hata ikibidi kupekua mito ya watu. Na hapo hesabu yao ikawa fupi. Maneno yametoka kama yalivyosemwa, neno kwa neno. Nani mle ndani anaweza kuchukua maneno neno kwa neno? Karani, kwa hati yake ya mkato. Basi ni Karani.

Nimweleze Karani, maana kamati ya ufunguzi hata jina lake haijui. Alikuwa mama wa miaka hamsini na mitatu, mjane, bado miaka miwili astaafu. Alikuwa ameandika kumbukumbu za baraza lile tangu likiwa na viti vya kukunja. Miwani yake ilifungwa kamba shingoni, na mkoba wake ulikuwa na penseli sita zilizochongwa. Hakuwa na utani na mtu, ila ukikosea tarehe atakusahihisha hata kama wewe ni waziri. Alikaa nyumba ya baraza, vyumba viwili nyuma ya ofisi ya maji, yeye na wajukuu. Waandishi tulimwogopa na tulimpenda. Kama atafukuzwa, anatoka humo na aibu ya wizi wa siri juu ya kichwa chake, na hakuna ofisi itakayompokea. Hicho tu ndicho kilichokuwa mezani: huyo mama na miaka yake miwili.

Wakaunda kamati ndogo ya uchunguzi, watu watatu. Wakamchagua nani awe mwenyekiti wake? Nikusomee! Eti anajua mambo ya magazeti, na tena ndiye aliyetukanwa zaidi, kwa hiyo ana uchungu. Akakataa, wakampigia makofi. Akasema ana kazi nyingi, wakasema unyenyekevu huo ndio tunaoutaka.

Kamati ilikaa miezi mitatu, kila Jumanne, kwenye chumba kidogo cha ghorofa ya pili chenye dirisha moja lililopakwa rangi likashikana na fremu, halifunguki. Alinisimulia baadaye. Na kwa kuwa baraza lilikuwa na karani mmoja tu, na karani huyo ndiye mshtakiwa, ilibidi yeye mwenyewe aandike kumbukumbu za kuhojiwa kwake. Ndiyo, nimesema hivyo. Anaulizwa, anajibu, anainama anaandika swali na jibu, anainua kichwa kungoja swali jingine.

Siku ya kwanza mjumbe mmoja akamuuliza kama ndiye aliyetoa siri. Akajibu. Nikusomee akajikuta anasema, kwa mazoea tu, "Nisomee jibu lako."

Karani akavaa miwani akasoma: "Karani akajibu: si mimi."

"Ni sahihi?" Nikusomee akauliza.

"Ni sahihi, Mheshimiwa. Na wewe unaona ni sahihi?"

Aliahirisha kikao. Alikuja kwangu akiwa hana kishindo wala uso wa kukunja, akakaa kwenye kiti cha wageni, tai imelegea. "Dada, nitasema ni mimi."

Na mimi nilimwambia nini? Nilimwambia subiri. Nilimwambia matangazo ya baraza ndiyo yanayolilisha gazeti hili, wakijua kwamba diwani alikuwa anatuandikia watatufungia kesho yake, na hapa kuna watu sita wana watoto. Nilimwambia hawana ushahidi, watamwacha tu huyo mama, watachoka. Alikuja mara tatu ndani ya miezi hiyo mitatu, na mara zote tatu nilimwambia subiri. Jumanne anaketi chumba kile, Jumatano anakuja kufoka na bahasha. Alikonda. Wifi yangu, mkewe, alinipigia simu akauliza kama mumewe ana mwanamke. Nikamwambia hana, wifi, angekuwa naye ingekuwa nafuu.

Kamati haikuchoka. Wale wajumbe wawili wakaandika ripoti bila yeye, wakaipeleka mbele ya baraza zima, Alhamisi, saa nne asubuhi. Ukumbi wa zamani umejaa, madiwani mbele, wananchi nyuma, na benchi la waandishi pembeni ukutani. Kwenye benchi lile nilikuwa peke yangu. Karani alikaa mezani pake chini ya jukwaa, penseli mkononi, anaandika.

Ripoti ikasomwa: kosa ni la Karani, afukuzwe. Kabla ya kura, Nikusomee akasimama. "Mheshimiwa Mwenyekiti, Karani hana kosa. Jirani Mmbea ni mimi. Niliandika kikao kile kwa mkono wangu, kama nilivyoandika safu hiyo tangu kabla sijaingia humu."

Watu wote wakamtazama yeye. Halafu diwani mmoja mnene wa safu ya mbele akaanza kutikisika tumbo, akacheka, na ukumbi mzima ukalipuka. "Ujitukane wewe mwenyewe?" akasema yule mnene akijifuta machozi. "Kaka yako umuanike wewe mwenyewe? Halafu kila Jumatano upande ngazi kwenda kuwafokea, mji mzima unakusikia! Mheshimiwa, una huruma, tunakupenda, lakini sisi si watoto."

"Una ushahidi?" Mwenyekiti akauliza, naye anacheka.

Ushahidi ulikuwa umekaa kwenye benchi la waandishi, daftari magotini. Nikusomee hakugeuza shingo upande wangu hata kidogo. Mwandishi hamtaji mwenzake, hiyo nayo ilikuwa kanuni. "Neno langu," akasema.

Wakapiga makofi. Wakasimama wakapiga makofi! Wananchi nyuma wakashangilia, akina mama wakapiga vigelegele, eti kiongozi amejitoa kubeba lawama ya mnyonge. Mwenyekiti akasema iandikwe kwenye kumbukumbu kwamba Mheshimiwa ameonyesha moyo wa huruma. Karani akaandika. Kisha wakapiga kura, Karani akafukuzwa kazi, naye akaandika hilo pia, kwa sababu kikao kilikuwa hakijafungwa.

Na mimi? Niliinama nikaandika kwenye daftari langu neno moja: kicheko.

Mchana ule ule ngazi ikalia polepole. Akaingia, hakufoka. Akavuta kiti, akachukua penseli kwenye kopo, akaandika nusu ukurasa. Akaeleza yote, tangu safu ya kwanza, bahasha za Jumatano, kibanda namba tisa. Chini akaandika jina lake kamili na sahihi yake. "Ngoja nikusomee," akasema, akanisomea hadi mwisho. Kisha akaisukuma mbele yangu. "Hii haina Jirani. Kesho, ukurasa wa kwanza. Wakiona gazeti limekubali, wataamini."

Nikasema sawa.

Sikuichapisha. Niseme kitu gani hapa? Naweza kuwataja tena wale watu sita na watoto wao, na binti zangu wawili waliokuwa shule, na yote yatakuwa kweli. Lakini niliogopa, basi. Niliogopa kuitwa, kuulizwa, kusimama pale alipokuwa amesimama yeye na kuchekwa, au vibaya zaidi, nisichekwe. Niliitia droo ya chini, nikafunga kwa ufunguo, na ukurasa wa kwanza nikaweka picha yake akipigiwa makofi.

Ijumaa asubuhi nilimwona kutoka dirishani. Alinunua gazeti pale chini mlangoni pa duka la viatu, akalifungua amesimama, akatazama ukurasa wa kwanza, akafungua wa pili, wa tatu, hadi wa nane. Akalikunja. Hakuangalia juu. Jumatano iliyofuata hakuja, wala Jumatano yoyote tena, na Jirani Mmbea akafa hapo.

Miezi miwili baadaye wakamfanya Mwenyekiti wa baraza kwa kura zote. Nani angempinga mtu mwenye moyo ule? Miaka kumi na minane sasa. Alfajiri kila siku foleni getini kwake, huyu anataka barua, yule anataka kazi ya mwanawe, na kila mmoja anaanza kwa kusema, "Mheshimiwa, sisi tunajua una huruma." Akienda msibani, wanaisimulia hadithi ile. Akienda kanisani, msikitini, shuleni, wanaisimulia, na yeye amekaa kiti cha mbele hana pa kwenda. Amejaribu kung'atuka mara tatu. Kila mara katibu wa chama anaipokea barua, anaitia mfukoni na kumwambia, "Pumzika wiki moja, Mzee, umechoka tu." Ofisi yake ya sasa ni kile chumba cha ghorofa ya pili, wamekipanua na kukitia zulia. Dirisha bado halifunguki.

Karani alihama nyumba ya baraza ndani ya siku kumi na nne. Akaenda kwa binti yake, akanunua mashine ya kuchapa kuukuu, akaiweka kibarazani pa jengo la posta, akawa anawaandikia watu barua za maombi. Dereva wa Mwenyekiti aliniambia jambo ambalo mji haulijui. Njia fupi ya kutoka nyumbani kwake kwenda ofisini inapita posta. Kwa miaka yote hiyo gari linazunguka kwenye kiwanda cha matofali, dakika ishirini zaidi. Watu wanadhani ni mambo ya usalama.

Basi niliandika yote haya, nikakumbuka nimefundishwa na nani. Nikaenda kumsomea. Ofisini kwake alimtoa nje katibu muhtasi, akafunga mlango, akafumba macho. Nilimsomea hadi hapo kwenye matofali. Sehemu ya droo nilisoma haraka, akainua kidole, ikabidi niirudie taratibu.

Nilipomaliza akasema, "Gari la zimamoto lilikwenda harusi mbili, wewe umeandika moja."

"Hilo tu?"

"Hilo tu." Akafungua macho. "Karani umemsomea?"

"Bado."

"Umemwandika na hujamuuliza? Dada, hujamaliza kazi."

"Twende wote, kaka."

Alitazama dirisha lile. Nje foleni ilikuwa imeshafika kwenye ngazi, sauti zao zinasikika. "Kwa miguu gani?" akasema, na katibu muhtasi akagonga mlango.

Nilikwenda peke yangu. Karani sasa ana miaka sabini na mmoja. Mikono imemkakamaa, mashine ameiacha, anakaa nyumbani kwa binti yake, chumba cha mbele, kiti karibu na mlango. Kamba ya miwani ni ile ile. Sikuwa nimekaa naye tangu siku ya kikao, ingawa mji huu ni mdogo na posta naipita kila siku. Nilimwamkia, nikamwambia, "Dada, nimeandika jambo, na wewe umo. Ngoja nikusomee."

"Soma, mdogo wangu," akasema, akavaa miwani, sijui ya nini.

Nilisoma. Pale kwenye "na wewe unaona ni sahihi" alitabasamu kidogo. Nilipofika kwenye makofi alitikisa kichwa. Nilimsomea droo, safari hii taratibu. Hakunikatiza hata mara moja. Nilipomaliza nilimuuliza nililokuja nalo. "Ulijua ni yeye?"

"Tulikuwa wawili tu mle ndani tunaoweza kuchukua maneno ya watu. Mimi nilijua si mimi."

"Mbona hukumtaja?"

"Nimtaje ili iweje? Nilijua atasema. Na alisema." Akanyoosha kidole kwenye karatasi. "Lakini umekosea mahali. Nisomee tena pale aliposimama."

Nikarudi nikasoma: "Watu wote wakamtazama yeye."

"Si wote," akasema, kwa sauti ile ile aliyokuwa akisahihishia tarehe. "Mimi sikumtazama yeye. Yeye alikuwa amekwisha kusema. Mimi nilikuwa nakutazama wewe, tangu alipofungua mdomo hadi walipopiga makofi. Nilikuwa nasema moyoni, sasa atasimama. Sasa hivi atasimama."

Nje mjukuu mmoja alikuwa anafagia uwanja, nikasikia ufagio kila unapopita.

"Na hata kuandika niliacha," Karani akasema. "Ukitazama kumbukumbu za siku ile, kuna mistari mitatu mitupu. Miaka thelathini sijawahi kuacha mstari." Akaigusa karatasi kwa kidole. "Sahihisha hapo."

Nilimwambia nitasahihisha. Akanikazia macho juu ya miwani, kama anavyowakazia wanaosema sawa.

"Sahihisha sasa hivi," akasema, "halafu unisomee."

Akafungua mkoba wake, akanipa penseli.